Aliyeuliza Alikuwa Nesi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Taasisi yetu, Daktari Ngeleja, wakufunzi wenzangu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mama zetu mliopanda milima kutoka mwambao wa ziwa, mkafika hapa Majengo mkapewa viti vya nyuma karibu na mlango: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimepewa dakika chache nimuage Kristiana, mtafiti na mkufunzi mwenzetu, kwa maneno mazuri. Maneno mazuri ninayo. Lakini nina hasira pia, na ningekuwa mnafiki kama ningeiacha huko nje pamoja na miavuli yetu.

Kwanza mjue anayesema ni nani. Naitwa Ambakisye, mtu wa Rungwe, niliyeletwa Sumbawanga na kazi. Mimi ni mwanaume. Chumba cha kujifungulia nakijua kwa kusimama nje ya mlango wake. Kifipa changu kinatosha kuomba maji ya kunywa. Na mshahara wangu unatoka kwenye taasisi hii hii ninayokuja kuilaumu. Mkinisikiliza, nisikilizeni mkiyajua hayo. Ndicho Kristiana alichowafundisha wanafunzi wake: mtafiti aseme amesimama wapi, ameingia kwa watu kwa mlango gani, na ni nani aliyemtangulia alipoingia. Wapo wakufunzi waliomcheka, wakasema huko ni kujizungumzia. Leo niwaeleze kujizungumzia huko kulihusu nini.

Taasisi yetu ilipewa kazi ya kujua kwa nini akina mama wa kijiji kimoja, mbele ya Kirando, hawaendi zahanati kujifungua. Kijiji sikitaji, na majina ya akina mama nitakayoyatumia si yao. Wenyewe wameomba hivyo. Daktari Ngeleja aliongoza timu, na Kristiana alikuwa ndani yake. Walifika na gari la serikali. Wakaketi kwenye ofisi ya mtendaji wa kijiji, wakaletewa viti na soda. Akina mama waliitwa, wakakalishwa chini kwenye mkeka. Na kwa sababu wengi walitaka kusema Kifipa chao cha ziwani, akatafutwa mkalimani. Aliyepatikana alikuwa nesi wa zahanati ile ile, na sare yake nyeupe.

Mlitaka wajibu nini, ndugu zangu? Walijibu kwamba ni mila zao. Mmoja baada ya mwingine, mila, mila, mila. Timu ikaandika, ikashukuru, ikajiandaa kuondoka.

Asubuhi yake Kristiana alishuka ufukweni kununua dagaa. Mama mmoja aliyekuwa akianika, nimwite Mariana, akamtazama sana, kisha akamuuliza kama ndiye aliyekuwa amekaa na nesi. Kristiana akakubali.

"Basi jana hukuuliza wewe," Mariana akamwambia. "Aliuliza nesi. Ningekwambiaje kwamba ananipiga, na yeye ndiye anayekupa maneno yangu?"

Akamweleza alivyochapwa makofi mapajani wakati wa uchungu, alivyotukanwa, na wenzake walivyotendewa. Kristiana alirudi mbio kwa kiongozi wake, akaomba timu ibaki, mahojiano yaanze upya majumbani, bila gari na bila sare. Akajibiwa kwamba majibu yote yamefanana, kwa hiyo ukweli umepatikana.

Majibu yote yamefanana! Daktari, watu wakiogopa kitu kimoja, wangejibuje tofauti?

Kristiana akaandika kurasa chache za kuwekwa mwanzo wa ripoti. Aliandika kwamba yeye ni binti wa afisa, mzaliwa wa mjini, kwamba Kifipa chake cha huku juu kiliwafanya akina mama wamwone mgeni, kwamba alikunywa soda juu ya kiti huku wao wakiwa chini, na kwamba kila jibu lilipita kinywani mwa nesi. Akaomba asomaye asiyaamini majibu yale. Kurasa zile ziliondolewa. Aliambiwa huo si utafiti, ni hisia zake.

Ripoti ikazinduliwa kwa keki. Ikasema tatizo ni mila na uelewa mdogo. Viongozi wa kijiji, wakiishika ripoti hiyo, wakaamua kwamba mwanamke atakayejifungulia nyumbani ataitwa mbele ya mkutano ajieleze. Mdogo wake Mariana, nimwite Coleta, alipatwa na uchungu wakati huo. Zahanati aliiogopa, na nyumbani napo akaogopa aibu ya mkutano. Akapanda mtumbwi na dada yake kutafuta zahanati ya kijiji kingine. Mtoto alizaliwa njiani, majini. Hakulia.

Coleta alipona. Yumo humu ukumbini, na ameniruhusu kulisema hili. Sitawaonyesha amekaa wapi.

Sasa nauliza: kurasa zile zilizotuonya ndizo zilizoitwa hisia?

Kristiana alikataa jina lake libaki kwenye ripoti ile. Akaomba likizo, akashuka ziwani kwa basi, akapanga chumba. Kila mama alichagua mahali pa kuzungumza na mtu wa kukaa naye. Waliokataa, alikubali kukataa kwao. Alipomaliza, aliwasomea alichoandika, nao wakamsahihisha palipokosewa. Ripoti hiyo ya pili ilianza kwa kumtaja mwandishi wake na kila kilichoweza kumpotosha. Wilaya ikaisoma. Nesi akaondolewa, akachunguzwa. Uamuzi wa mkutano ukafutwa. Leo wanawake wa kijiji kile wanakwenda zahanati.

Na Kristiana? Mkataba wake haukuongezwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hana ushirikiano. Ndiyo maana tuko hapa, tumevaa vizuri, tunamuaga kwa pilau mtu tuliyemfukuza.

Daktari Ngeleja, sikuiti mtu mbaya. Ulikuwa na haraka, na uliamini kwamba msomi akiingia chumbani haleti chochote zaidi ya kalamu. Uliingia na gari, mtendaji na nesi, kisha ukajifuta kwenye ripoti kana kwamba hukuwepo. Naomba ripoti ile iondolewe maktabani kwetu, au irudishiwe zile kurasa. Naomba jibu lako leo, mama hawa wakiwa bado hawajapanda gari.

Kristiana, dada yangu, asante. Wanafunzi wako umewaachia kazi ngumu ya kujitazama kabla ya kumtazama mtu mwingine, na nitaisimamia mradi bado nipo.

Jambo la mwisho. Nimekiona cheti atakachokabidhiwa na mgeni rasmi. Kimeandikwa "mtumishi mtiifu". Mheshimiwa, tafadhali usimpe. Kristiana hakutii, na kwa sababu hakutii kuna watoto wa ziwani wanaopumua leo. Kiandikwe upya, sisi tutasubiri.

Kwa masikio mliyonipa, hata yale yaliyochomwa, nawashukuru.