Nusu ya Wanaoitikia

Sogeeni karibu, Irene na Damasi, mkae upande huu wa dirisha ambako sikio langu bado linafanya kazi, na msitazamane mkisema mzee anachoka, kwa maana nachoka kweli, na ndiyo sababu nimewaita mchana huu nikiwa na akili zangu zote. Habari ya figo mnaijua. Nimekwisha kumwambia daktari kwamba sirudi kwenye mashine, naye ameelewa. Hilo limeisha, msilifungue tena.

Nianze na mali, kwa sababu ndiyo nyepesi. Nyumba hii ya Naliendele ni ya Irene, aliyemuuguza mama yake ndani yake. Shamba la Mahurunga ni la Damasi, pamoja na mikorosho yote mpaka kwenye mbuga inayoshuka mtoni, ila asing'oe mikorosho ya zamani kwa kuona tu kwamba imezeeka. Ikatwe matawi, ipumzike, itazaa. Baiskeli apewe Mzee Yassini, jirani yetu na mtani wangu. Atasema imechakaa, atasema sisi Wamakonde hatujawahi kumpa mtu kitu kizima. Mwacheni aseme, ni haki yake.

Yamebaki mabenchi ya mama yenu, yale yaliyolala kichwa chini stoo tangu tulipomzika. Hayo ndiyo yaliyonifanya niwaite.

Damasi, wewe uliapa kaburini kwamba hakuna mtu wa jumuiya yetu ya kanisa atakayekanyaga ua huu, si kwa sala wala kwa msiba, hata nikifa mimi. Ukanunua kufuli la geti, na ufunguo uko mfukoni mwako sasa hivi. Sikukukataza. Nilikuwa na hasira kama yako, ila yangu haikupiga kelele. Lakini mtoto hawezi kuniapia mimi maziko yangu, na kabla sijafika huko nataka mjue jambo ambalo mama yenu alinikabidhi nilitunze, nami nimelitunza mpaka leo.

Mnakumbuka mama yenu Rozalia alivyokuwa mtu wa jumuiya. Zamu ya nyumba yetu ilipofika, alifagia ua tangu alfajiri, akayapangusa mabenchi, akaiweka sanamu ya Mama Maria juu ya kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na watu walipokwisha kusali rozari na kusoma Injili hakuna aliyeondoka bila kula muhogo. Ugonjwa wa titi ulipofungua kidonda, aliendelea kwenda. Kisha siku moja akarudi mapema, akavua kanga, akaiosha, akaianika, akaiosha tena. Kuna mama aliyekuwa amekaa naye benchi moja, akasogea mpaka mwisho wa benchi na kujifunika pua. Basi. Hakuna aliyemtukana. Tangu hapo Rozalia hakwenda.

Akaniambia, "Baba Irene, wasijue. Wakija, sema nimelala." Walikuja mara moja, Mama Skolastika mwenyekiti akiwatangulia, nikasema amelala. Hawakurudi. Kwa hiyo, Damasi, yale unayoyaamini, kwamba walijua mama yako anaoza wakamtupa, si kweli. Hawakujua; hata yule aliyejifunika pua alisikia harufu tu, kidonda hakukijua. Walichojua ni kwamba mwanamke mmoja ameacha kuhudhuria na mumewe anasimama mlangoni akisema amelala. Kosa lao ni kwamba hawakuuliza mara ya pili. Ni kosa kubwa, silipunguzi, lakini ndilo hilo na si jingine, na mtu ahukumiwe kwa alilolitenda.

Alipofariki mnajua yaliyotokea. Paroko alikuwa safarini, katekista akasema hawezi kuongoza maziko bila neno la jumuiya, nami nikaenda mwenyewe kwa Skolastika. Akaniambia pale pale barazani, "Bwana Shamba, utaratibu unaujua. Asiyesali na wenzake, wenzake watamsalia vipi?" Ningeweza kumjibu kwa neno moja tu, neno la kidonda. Lakini siri haikuwa yangu, na maiti ya mke wangu ilikuwa bado haijaoshwa. Nikarudi.

Kaburi likachimbwa na Mzee Yassini na vijana wa msikitini. Yassini alishika jembe mpaka viganja vikachubuka, akasema, "Wamakonde gani nyie, mnamzika mtu kimya kimya kama mnaficha muhogo wa wizi? Maneno yenu sisi hatuyajui, Bwana Shamba, ila jembe tunalijua." Watu wakacheka. Nawashukuru kwa kicheko kile mpaka leo. Kisha Irene akaanza Baba Yetu, hakuifikisha mwisho, na tukafukia.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo urithi wenyewe. Miezi ile ya mwisho Rozalia alisali chumbani kule nyuma, mlango umefungwa. Bwana ametufundisha kusali hivyo, na sala ile ilikuwa nzuri. Sikilizeni vizuri, siidharau. Mimi nilikaa kibarazani nikimsikia. Alisali rozari, lakini kila Salamu Maria aliitaja nusu tu, ile nusu ya anayeongoza, kisha akanyamaza. Ile nusu ya wanaoitikia, inayoomba kwa ajili yetu sasa na saa ya kufa kwetu, hakuitaja. Kimya. Kisha akaanza tena. Nilidhani ni pumzi inamwishia, au dawa za maumivu zinamsahaulisha, nami nikawa naitikia kutoka nje ya mlango ili sala isibaki na shimo.

Akaniita ndani. Akasema, "Asante, Baba Irene. Lakini wewe ni mtu mmoja. Mimi nawaachia nafasi yao." Nikamwuliza, "Nafasi ya nani, wakati hawaji, na wewe mwenyewe umewakataza?" Akasema, "Ya Skolastika. Ya yule aliyejifunika pua. Nikiisema mimi nusu yao, nitakuwa nimewafukuza." Akageukia ukutani. Alikufa hivyo, nafasi ile ikiwa wazi, na hakuna aliyeijaza.

Nimesali peke yangu chumbani mle mle tangu alipoondoka, geti likiwa na kufuli, na nawaambia kama mtu aliyejaribu: sala ya chumbani humweka mtu wima, lakini haiwezi kumbeba. Mnajua kazi yangu ya ubwana shamba ilikuwa kupambana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mikorosho. Nimewaona wakulima wanaopuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yao vizuri kabisa, shamba la jirani likiachwa, na upepo unarudisha ugonjwa ule ule kwenye maua yale yale. Hasira yangu niliitibu hivyo, kila asubuhi, peke yangu, ndani ya ua. Ikarudi kila jioni.

Irene, nipe maji. Kidogo tu. Basi, inatosha.

Leo ni siku ya jumuiya. Wanasali nyumbani kwa Skolastika, na mkinyamaza mtawasikia. Damasi, kiapo chako nakufungua mimi baba yako. Nenda ukafungue lile geti, na kufuli usilirudishe. Irene, toa mabenchi, yapanguse kama mama yako alivyofanya, uyapange uani. Nikishaondoka yawe ya jumuiya. Kisha nendeni wote wawili, si mmoja, mkamwambie Skolastika habari ya kidonda, na habari ya nafasi aliyoachiwa. Mwambieni bila kelele. Akilia, msimbembeleze upesi. Akikaa kimya, msimlaumu. Siku yangu ikifika, yeye ndiye aongoze, na Mzee Yassini asimame karibu na kichwa changu na utani wake wote. Kabla ya kunishusha mimi, simameni kwanza kwenye kaburi la Rozalia, wamwitikie. Yeye kwanza. Mimi nitangoja.

Siwaahidi kwamba watakuja. Huenda wakakataa. Mabenchi yabaki nje hata hivyo.

Damasi... umesimama. Vizuri. Pita hapa kwanza, nikuwekee mkono. Na wewe, mwanangu Irene. Mungu awape watu wa kusali nao, na chumba cha kusalia mkiwa peke yenu, asiwanyime kimoja kwa ajili ya kingine. Awape... mikorosho yenye maua. Awape kufa mkiitikiwa.

Sauti inaniishia. Nitasema nusu yangu, ninyamaze. Msidhani nimesahau.

Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe... umebarikiwa kuliko wanawake wote... na Yesu, mzao wa tumbo lako... amebarikiwa...