Siku Wana Yanga Waliponyamaza

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mama Mkuu wa Chuo, Sista Scolastica, Padri na Sheikh mliotuombea asubuhi, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Mishamo, Kabungu na Kapalamsenga mkiwa na viatu vipya ambavyo najua vinawabana, na nyie wahitimu, mliopendeza leo kiasi kwamba nimeshindwa kuwatambua walionisumbua: poleni na jua, na karibuni sana.

Mimi naitwa Krispini, mwalimu wa mafunzo ya uuguzi kwa vitendo. Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya walimu, na aliyeniomba ameshaanza kujuta.

Wazazi, sijui kama watoto wenu huwaambia ukweli kuhusu wiki za mwisho wa muhula. Wakipiga simu husema, "Tunaendelea vizuri, tuombeeni." Vizuri ipi? Wanakula ugali huku wamefungua makaratasi. Wanasoma miguu ikiwa kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usiwachukue. Kanisa ambalo muhula mzima lina nafasi za kutosha linajaa hadi mlangoni, na nasikia msikitini ni hivyo hivyo. Na katikati ya mateso hayo, mwulize yeyote dozi ya dawa, atafikiri kwanza. Mwulize nani anaanza golini Jumamosi, atakujibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka huu, Mheshimiwa, ratiba ilitufanyia ukatili. Mechi ya Simba na Yanga iliangukia jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo. Na kati ya waliokuwa wakiusubiri mtihani huo alikuwepo Nyanzala, binti wa Kabungu, yule wa safu ya pili ambaye ameshaanza kuinamisha kichwa. Usiiname, mwanangu, nilikuomba ruhusa ukanipa.

Nyanzala alikuwa anarudia. Darasani ni hodari; tatizo lilikuwa mkono. Mara ya kwanza, mbele ya watahini, alishika sindano ya kuwekea dripu, mkono ukatetemeka hadi trei ikalia. Akishindwa tena, ilikuwa ni kufunga begi na kurudi nyumbani, basi. Tena huyu ni Simba wa kufa. Simba wakifungwa, chakula hakipiti, na kesho yake hata kalamu inamponyoka.

Jioni ile mimi nilikwenda kwenye kibanda cha video mjini kuhakikisha hakuna mwanafunzi aliyetoroka. Nilihakikisha kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwanafunzi sikumwona hata mmoja, na Yanga wakashinda. Nami, kama wengi mnavyojua na kunicheka, ni Simba.

Nikarudi chuoni nimejiandaa kwa aibu. Mnaujua utani wetu: Yanga wakishinda, vijana hawa hunisubiri getini wakipiga ndoo kama ngoma, wananipa pole kana kwamba nimefiwa. Nikafika getini. Kimya. Hakuna ndoo, hakuna wimbo. Nikasema moyoni, hapa leo pana msiba wa kweli.

Aliyenipokea ni Helena, katibu wa mashabiki wa Yanga hapa chuoni. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba wenzake wako chumba cha mazoezi na Nyanzala tangu mchana. Kwamba simu yake ameikabidhi mwenyewe. Kwamba madirisha yamefungwa ili honi za bodaboda zisiingie. Na kwamba wana Yanga wote wamekubaliana wasiseme neno mpaka atoke kwenye mtihani. Nikaongozana naye hadi chumba hicho, nikataka kuingia nikawasaidie. Akaziba mlango kwa mkono.

"Samahani mwalimu, usiingie. Huo uso wako unatangaza matokeo."

Basi nikabaki kwenye kioo cha dirisha, mtu mzima na vyeti vyangu, nachungulia. Ndani, Ponsian, mwenyekiti wao, amelala kitandani kama mgonjwa, jezi ya Yanga ameivaa ndani nje. Wenzake wamekizunguka kitanda, wamenuna kama watahini. Nyanzala anajitambulisha, anamwomba mgonjwa ridhaa, anamfunga mpira mkononi, anatafuta mshipa kwa kidole. Kisha sindano anaichoma kwenye mkono wa plastiki uliolazwa pembeni. Wanamwambia arudie. Anarudia.

Mheshimiwa, sijawahi kuona kitu kama kile. Vijana wameificha furaha waliyoisubiri msimu mzima, ili mkono wa mwenzao utulie. Sisi wakubwa tungeweza? Mimi ningeshindwa. Simba wakishinda, jirani yangu anajua kabla ya redio.

Asubuhi akaingia mtihanini. Tukasubiri nje, mimi nikiwa nimewekwa nyuma, kwa sababu uso wangu ulikuwa bado hauaminiki. Alipotoka alimwendea Ponsian moja kwa moja. Ponsian akaanza kujikohoza, kwamba kuna jambo la jana.

"Nilijua tangu jana," Nyanzala akamwambia. "Miaka yote unaniita kolo, kejeli yenu kwa sisi Simba. Jana unaniita dada, unaniletea na chai. Nikajua tumefungwa."

Ponsian akamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema mngeanza kunionea huruma, na mazoezi yangeishia pale. Halafu mlivyokuwa mnajikaza kunyamaza, nikawahurumia nyie."

Ndugu zangu, fikirini. Kumbe alilala na habari ile kifuani, akaamka nayo, akaingia nayo mbele ya watahini, na trei haikulia. Amefaulu. Kumchoma mtu sindano nilimfundisha mimi. Hilo lingine, kwake na kwa wenzake, sijui wamelitoa wapi, na silipati kwenye mtaala wowote.

Mheshimiwa, jina lake litakapoitwa atapanda hapa, nawe utampa mkono. Nakuomba usiuachie haraka. Usikilizie jinsi ulivyotulia.

Kwa masikio yenu, katika joto hili, nawashukuru sana.