Dakika Tatu za Darasa la Tatu: Risala ya Walimu Wanane kwa Mgeni Aliyeleta Ngao ya Utulivu

KARIBU

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Afisa Elimu, tunasimama mbele yako sisi walimu wa shule hii, nguo tumezipiga pasi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka huu. Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia ndicho pekee hapa chenye miguu minne inayolingana. Ni cha mwalimu mkuu, ambaye kwa sasa amekaa kwenye dawati la darasa la kwanza na magoti hajui ayaweke wapi.

Tunajua umekuja kutukabidhi Ngao ya Utulivu. Mkaguzi wako alipita hapa mwezi uliopita, akatembea korido yote wakati wa vipindi, akaandika kwenye ripoti kwamba hakusikia kitu ila viatu vyake mwenyewe. Hakutia chumvi hata kidogo. Shule ilikuwa kimya kweli.

Tulikuwa tumepanga kukusomea risala nyingine, ya kurasa mbili za shukrani. Tuliiacha jana mchana, tukaandika hii. Mwalimu mkuu ameisoma, akavua miwani, akaifuta, akasema, "Someni tu. Na mimi nimo."

HISTORIA

Mheshimiwa, tuanze na darasa la tatu. Lina wanafunzi sabini na wawili, madirisha mawili, na bati lisilo na dari. Ikifika saa tano kasoro robo, kipindi cha nne, ambacho ni cha hisabati, bati limeshapata moto na watoto wamekaa kwenye madawati tangu asubuhi. Wa nyuma wanasinzia. Wa katikati wanachorana migongoni kwa kalamu. Wa mbele wanamtazama mwalimu, lakini ukiwauliza amesema nini, wanakutazama wewe.

Sisi tulikuwa na dawa yetu ya miaka mingi. Tulikuwa tunagonga ubao kwa kifutio na kuuliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima linajibu, "Ndiyooo," pamoja na waliolala. Basi tunaridhika, tunaendelea kufundisha mpaka kengele.

Miaka miwili iliyopita tuliletewa mwalimu mpya, mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo. Alipewa darasa hilo kwa sababu sisi wengine tulikuwa tumelikataa. Wiki ya pili tukasikia vishindo. Tulikimbilia dirishani, tukakuta amefunga kitabu, hesabu ikiwa nusu ubaoni, na watoto wote wamesimama kando ya madawati yao. Wananyoosha mikono juu kama wanaotaka kushika bati. Wanageuka kushoto, wanageuka kulia. Kisha wanaruka papo hapo, kila mruko wanataja namba: saba, kumi na nne, ishirini na moja, mpaka sabini. Halafu wakavuta pumzi mara tatu, taratibu, wakaketi. Mwalimu akachukua chaki akaendelea na ile hesabu pale pale alipoiachia.

Zilikuwa dakika tatu. Tulizipima, kwa sababu tulitaka kuzishtaki.

Siku hiyo hiyo tulimbatiza jina, Mwalimu Simameni. Ofisini tulikuwa tunamwigiza akiwa hayupo, na wakati mwingine akiwepo. Mwenzetu mmoja tunayemwita Babu, kwa kuwa ana miaka thelathini na moja kazini, alisema, "Sisi tulifundishwa tumekaa, na tazameni tulivyo." Tukatazamana. Tukabadilisha mazungumzo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, mwisho wa muhula uliopita, darasa la tatu liliongoza hisabati shule nzima, na watoto waliokuwa hawajui kusoma walikuwa wanasoma. Mwalimu mkuu akatuagiza wote tuige zile dakika tatu. Mafanikio yetu ni kama ifuatavyo.

Mwalimu wa darasa la tano ni mpenzi wa mpira. Dakika zake tatu zilianza kipindi cha nne, zikaisha kengele ya kwenda nyumbani, matokeo tatu kwa tatu, na mlinda mlango alikuwa mwalimu mwenyewe.

Mwalimu wa darasa la pili hapendi vumbi wala kelele. Aliwaamuru watoto waruke bila kutua kwa kishindo. Waliokosea waliambiwa warudie mpaka wapatie. Mpaka leo hajapatikana aliyepatia.

Mimi ninayesoma risala hii ni mwalimu wa darasa la nne. Niliona si haki kumpumzisha mtoto ambaye hajachoka, kwa hiyo nikaamua anayesinzia ndiye asimame aruke. Siku ya kwanza waliruka wawili. Siku ya pili, nilipogeuka kuandika tarehe ubaoni na kugeuka tena, darasa zima lilikuwa limelaza vichwa, na wengine walikuwa wanakoroma kwa bidii wakiwa na macho wazi. Nikawaita wajanja. Sikujiuliza walikuwa wananiambia nini.

Mwalimu mkuu naye alitaka utaratibu. Akatoa tangazo kwamba kengele ikilia saa nne na dakika ishirini, shule nzima iruke kwa pamoja. Wanafunzi mia sita na kumi na mmoja wakaruka. Kabati la ofisi lilianguka kifudifudi, chai ikamwagikia daftari la mahudhurio, na seremala wa jirani akaja mbio na nyundo mkononi akiuliza ukuta gani umeanguka na kama kuna watu chini yake.

Mheshimiwa, hapa tunaona umejipangusa jasho mara ya tatu, na wazazi wa safu ya nyuma wamesinzia. Kwa heshima zote, tunaomba meza kuu na wote mliohudhuria msimame. Nyoosheni mikono juu. Geukeni kushoto. Geukeni kulia. Kuruka si lazima, tunajua kuna viatu vipya. Vuteni pumzi mara tatu. Asanteni, ketini.

Tuliwaomba hivyo kwa sababu yaliyobaki ni mazito kwetu, na tusingependa yasikilizwe nusunusu.

CHANGAMOTO

Baada ya kabati kuanguka, kamati ya shule ilitaka maelezo. Tulikaa ofisini, walimu wanane, mwalimu mkuu akiwemo. Wa tisa, Simameni, alikuwa darasani anafundisha. Hatukula njama kwa muda mrefu, haikuhitajika. Mmoja alisema, "Nani alianzisha haya mambo ya kurukaruka?" Tukapumua.

Mheshimiwa, ile barua uliyoipata yenye kichwa "Mchezo Unaoharibu Nidhamu" tuliiandika sisi. Ndani yake umo mpira wa darasa la tano, lakini hatukusema ni wa darasa la tano. Limo kabati, limo daftari lililolowa, yumo seremala. Kengele ya mwalimu mkuu haimo. Jina lililomo ni moja tu, la mtu ambaye watoto wake siku ile ndio pekee waliovuta pumzi na kuketi, wengine wakiendelea kukimbizana. Mwandiko ni wangu. Sahihi ni nane.

Wewe hatukulaumu. Ulisoma sahihi nane dhidi ya mtu mmoja, ukafanya ambalo ofisi yoyote ingefanya. Ulimwondoa darasani, ukampeleka kwenye stoo ya vitabu ya ofisi yako, kwa muda, mpaka mwisho wa mwezi huu, ndipo uamuzi uwe wa kudumu. Mwisho wa mwezi ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Alipokuja kuchukua vitu vyake alitukuta ofisini. Alituaga mmoja mmoja kwa mkono, akaniuliza hali ya mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Nikamjibu anaendelea vizuri. Nilishindwa kumtazama usoni, nikajitia natafuta kalamu.

Tangu hapo shule imetulia. Darasa la tatu tunalishika kwa zamu, sisi wanane, na tumerudi kwenye dawa yetu ya kifutio. Tunauliza, "Tuko pamoja?" Wanajibu. Utulivu aliousikia mkaguzi wako, Mheshimiwa, ni wa watoto waliokata tamaa ya kipindi kuisha.

Wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja, fundi cherehani, uzi bado umemning'inia begani. Mwanawe tunamwita Pia, kwa vile alikuwa hawezi kukaa mahali pamoja, anazunguka tu kama pia ya kuchezea. Kwa Simameni, huyu binti alijifunza kusoma mpaka akawa anamchosha mama yake njiani kwa kusoma kila kibao cha duka. Mama akamuuliza mwalimu mkuu, "Mwanangu mmemfanya nini? Anarudi nyumbani hasemi kitu. Nikimwonyesha kibao, ananiambia amechoka."

Mwalimu mkuu akamjibu, "Mama, shukuru. Sasa ametulia."

Yule mama akasema, "Mwalimu, mimi ndiye ninayemjua mtoto wangu. Huyu hajatulia. Huyu amezimika."

Aliondoka bila kuaga. Tuliona aibu, Mheshimiwa. Tunaona aibu hadi sasa.

Jana tulipokaa kuandika risala ya shukrani, kamati ya watu watatu, tulimaliza muda wa saa mbili tukiwa bado kwenye neno "Karibu". Vichwa vilikuwa vimeganda. Babu, yule yule wa miaka thelathini na moja, akainuka kimya kimya, akafunga mlango, akanyoosha mikono juu, akageuka kushoto, akageuka kulia. Akaruka mara tatu, ya nne magoti yakakataa. Akaketi, akavuta pumzi, akasema, "Andikeni ukweli." Kisha akatuambia, "Na hili la mimi kuruka lisitoke humu ndani." Tulimwahidi. Babu, utusamehe na hilo.

MAOMBI

Orodha yetu ya kawaida ina maombi saba: dari, madawati, choo cha walimu, na mengine ambayo umeyasikia kila shule uliyotembelea. Tumeyafuta yote saba ili usipate la kujibu isipokuwa hili moja.

Tunaomba uirudishe ngao hii ofisini, na uturudishie mwalimu wetu kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Kama kuna adhabu ya waandishi wa barua ya uongo, tupo, na majina yetu unayo. Asiondolewe tena yeye ili sisi tubaki.

Maneno yanayofuata hayapo kwenye nakala uliyopewa, Mheshimiwa. Nimeyaandika kwa kalamu dakika chache zilizopita, wenzangu wakichungulia juu ya bega langu. Uliposhuka kwenye gari, tulimwona aliyeshuka nyuma yako amebeba boksi. Hatukujua kwamba ngao hutunzwa stoo ya vitabu, na kwamba mtunza stoo ndiye huileta na kuisogeza mezani. Tunakusihi usimwagize aisogeze. Tutavumilia mengine yote, lakini kuipokea ngao ile kutoka mikononi mwake hatuwezi.

Mwenzetu, tunakuona umekaa kule kwenye ngazi, boksi liko magotini. Tulikuonea. Tulikuonea kwa sababu ulikuwa unafanya kazi tuliyoshindwa, na tulikuwa tunaiona kila siku dirishani. Tusamehe ukiweza. Hatudai utusamehe leo.

Mgeni rasmi, sasa ni saa tano kasoro dakika ishirini na tano. Wanafunzi wa darasa la tatu hatukuwaleta hapa uwanjani, tumewaacha darasani wote sabini na wawili. Kipindi cha nne kinaanza dakika kumi zijazo, na kwenye ratiba, mahali pa jina la mwalimu, leo hatukuandika mtu. Chaki tumeiweka mezani. Tunaomba umruhusu aliweke boksi chini.

Mungu akulinde njiani wewe na dereva wako, aibariki ofisi yako, awabariki wazazi waliotuamini kuliko tulivyostahili, na awape watoto hawa walimu wenye macho.

Ni sisi,
Walimu wanane tuliotia sahihi barua ile, na tumetia sahihi hii.