Bati kwa Bei ya Msumari

Niapie kwanza. Hili lisitoke hapa, maana hata mimi nimeapishwa, na nimelisema nyumba tatu tu. Benchi langu la kahawa liko ubavuni mwa duka la vifaa vya ujenzi, na keshia wa duka hilo ni mjukuu wangu. Meneja, shemeji wa tajiri mwenye duka, aliingiza bidhaa zote na bei zake kwa mkupuo kwenye mfumo mpya wa wateja, ule unaowarushia watu bei kwenye simu. Kulipokucha, bati lilikuwa bei ya msumari, na waya bei ya tangi la maji. Mabati yakabebwa kwa mikokoteni! Mjukuu wangu aliuza kwa bei aliyoikuta kwenye kompyuta, kama alivyoamriwa. Sasa eti ndiye aliyezichezea bei, na jioni hiyo afukuzwe. Nilichemka kuliko birika langu.

— Huu ni uonevu! akafoka Fundi Bomba, mteja wangu wa kila siku. Mtoto anatolewa kafara!

— Wewe si ulibeba mabati ishirini? akamchokoza Mzee Gazeti, jirani yake wa benchi.

— Niliyabeba kwa uchungu, mzee wangu.

— Walioharibu bei ni wadukuzi wa ng'ambo, akasema Mzee Gazeti. Wanatuonea wivu mapaa yetu.

— Wapi! Ni setilaiti. Ikipita juu ya bati, bei inaporomoka.

— Na waya je, mbona umepanda?

— Waya si unavuta umeme? Umeivuta na bei!

— Nyamazeni! nikawakemea. Mjukuu wangu anafukuzwa, nyie mnapaa angani!

Mara Meneja huyo, kompyuta kwapani, tajiri nyuma yake. Mtandao wa dukani ulikuwa umegoma, akaja kuunganisha wa simu pale nje.

— Bibi, sogea kidogo. Naingiza upya, shemeji ashuhudie mwenyewe. Kazi yangu ni safi, aliyeharibu ni yule binti.

Mjukuu wangu alikuwa mlangoni, macho mekundu. Sote tukainamia kioo. Dereva wa lori, mgeni aliyekuwa akisubiri kahawa yake, akachungulia pia.

— Kaka, hapo unafanya nini?

— Napanga bei. Ndogo juu, kubwa chini. Zipendeze.

— Na majina ya bidhaa?

— Hayo siyagusi. Yalishapangwa kwa alfabeti.

— Sasa bei ikihama, jina likabaki, nani atajua ni bei ya nani?

Tajiri akainama, akaweka kidole kwenye "Bati", akakiburuta taratibu mpaka kwenye bei ya mstari ule. Bei ya msumari, ile ile, na safari hii mjukuu wangu hakuwa ameigusa kompyuta hata kwa ncha ya ukucha.

Kidole cha Meneja kilikuwa bado juu ya kitufe.

— Usiutoe mkono, shemeji, tajiri akasema. Wauone wote.