Tofali la Katani

Dada mmoja aliketi kwenye basi akiwa amepakata tofali la udongo, amelifunika shuka kama mtoto mchanga. Jirani yake, fundi mwenye saruji iliyokaukia viatuni, hakuweza kuvumilia.

"Dada, hizo nywele zinazochomoza ni za nini?"

"Ni katani, kaka. Tunaichanganya na udongo ili ushikamane. Ndiyo tumejengea chekechea mpya ya pale kwenye tangi la maji. Hili nalipeleka kupimwa."

Mshonaji aliyekaa nyuma yao akaacha kutafuna. Kitinda mimba wake alikuwa humo chekecheani, na asubuhi hiyo alikuwa amemwacha ameegemea ukuta.

"Yaani watoto wameshaingia, ndiyo mnapima leo?"

"Mvua ilikuwa mlangoni. Wangekaa wapi?"

"Na hiyo katani mliikausha?" fundi akadakia. "Ikitiwa mbichi itasinyaa, iache mianya ukutani."

"Tuliikausha," alisema dada, kisha akashusha sauti. "Sehemu kubwa."

Sehemu kubwa! Mshonaji aliyajua maneno hayo; ndiyo anayowaambia wateja wakiulizia gauni ambalo hata halijakatwa.

Basi likafunga breki ghafla. Tofali likaruka, likatua sakafuni kwa kishindo. Dada alipoliinua, lilikuwa limepasuka katikati, lakini vipande vyake havikuachana; vilining'inia kwenye nyuzi.

"Umeona? Limepasuka!" alisema fundi.

"Umeona? Limeshika!" alisema dada.

Konda akafungua mlango. Mshonaji, ambaye safari yake ya sokoni ilikuwa bado ndefu, akashuka na kuanza kukimbia kule basi lilikotoka.