Miguu Yangu na Wali wa Kinu

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa asubuhi hii, maana nimesimama mbele yenu bila kushika ukuta. Wengi mnanijua. Mimi ni Damiani, mjukuu wa Bibi Teodora wa hapa Mlabani, yule kijana anayechekacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Elimu ya kuwahubiria sina. Nimekuja kusema jambo ambalo Mungu alinitendea kwa chakula cha nyumbani, basi.

Nilikuwa nasoma shule ya kati kule milimani, upande wa Mahenge. Sisi tuliozaliwa bondeni, baridi ya kule mwezi wa sita inatuonea. Ukungu unakufuata mpaka ndani ya blanketi. Wanafunzi tulijipikia wenyewe, kila mtu kwa chakula alichobeba kutoka kwao. Mimi nilishirikiana chungu na Klementi, kijana wa Kiberege. Tulikuwa na mafiga yetu matatu nyuma ya bweni.

Nilikuwa na ndoto ya kuwa mwalimu. Usiku nilijiona nimevaa kaptula iliyopigwa pasi, nimeshika chaki, watoto wanasimama nikiingia. Na katika ndoto zangu mwalimu hali wali mwekundu. Bibi yangu hutwanga mpunga kwa mkono, na mchele wake hubaki na ngozi nyembamba ya kahawia. Sisi vijana tuliuita mchele wa njaa, yaani wa watu walioshindwa kusubiri kinu kimalize kazi. Kwa hiyo kabla ya kupanda mlimani nilipeleka mpunga wangu kwenye mashine, nikaomba ukobolewe, ukarudishwa, ukakobolewa tena. Ulitoka mweupe kama pamba. Pumba nikawamwagia kuku.

Kule shuleni niliuosha tena mchele huo mpaka maji yakawa safi kama ya kisimani. Tulikula wali asubuhi, tukala wali jioni, tukashushia chai ya sukari. Kunde na karanga alizonifungia Bibi nilizigawa. Kunde zinachelewa kuiva, na katika baridi ile nani akae anapuliza moto? Klementi alikuwa akisema, "Damiani, wali huu hata Padri akiuona atadhani chungu chake kimepotea njia." Tukacheka sana, ndugu zangu. Tulikuwa tunajiua kwa raha zetu.

Kwanza vidole vya miguu vikafa ganzi. Nikasema ni baridi. Kisha nyayo, kisha miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Siku moja nimekaa karibu na moto nikasikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikamwuliza Klementi, "Umeunguza nini?" Akanitazama, akapiga kelele. Kaa la moto lilikuwa limelala juu ya mguu wangu, na mimi sikuwa na habari.

Likizo ilipofika wenzangu walinipakia kwenye lori kama gunia. Mwalimu mkuu alinishika bega akasema, "Damiani, muhula ujao ni wa mtihani. Asiyeripoti siku ya kwanza, nafasi yake anapewa mwingine. Nenda upone." Kutoka lori linapoishia mpaka shuleni ni kupanda mlima kwa miguu. Ndoto yangu yote ilikuwa juu ya miguu miwili isiyosikia moto.

Nyumbani Bibi aliponiona aliniketisha. Alinivua viatu mwenyewe. Baada ya siku mbili akaja mjomba wangu Feliksi kutoka Kisawasawa, na baiskeli yake.

"Kijana amerogwa," alisema. "Kuna mtu anamwonea wivu wa shule. Ninamjua mzee mmoja mganga huko kwetu, nampakia kijana leo hii."

Bibi akasema, "Kwanza kwa dresa. Ukimpakia, mpakie kwa dresa."

Mjomba alinipeleka kwa dresa, yule mtabibu wa zahanati, huku akinung'unika njia nzima. Dresa alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye koti jeupe lililopauka. Nilimwamkia shikamoo. Akanigonga goti kwa kipande cha mti, mguu haukuruka. Hakuuliza nina ugomvi na nani. Aliuliza, "Unakula nini?"

Nikamjibu kwa fahari, "Wali, mzee. Mweupe, wa mashine."

"Na nini?"

"Na chai."

"Na pumba za mpunga wako anakula nani?"

"Kuku."

"Hao kuku wanatembea?"

Mjomba mwenyewe alicheka. Dresa akasema, "Mwanangu, nguvu ya miguu yako iko katika ile ngozi uliyowapa kuku. Sindano ya kukusaidia hapa imekwisha. Dawa nyingine iko kwenye kinu cha bibi yako. Kula mchele ulioondolewa makapi tu, na kunde, na karanga, na mboga. Kila siku."

Tulipotoka mjomba alisema, "Tumekuja kuambiwa habari za kuku. Twende kwa mzee." Baiskeli ilikuwa imeelekea barabara ya Kisawasawa. Ndugu zangu, miezi yote nilikuwa nimemwomba Mungu muujiza, na nilitaka ushuke na radi. Pale barabarani nikaona haya mbele za Mungu. Aliniletea jibu langu likiwa bado bichi shambani kwa bibi yangu, na mimi nalikataa kwa sababu lina rangi ya kahawia. Nikamwambia, "Mjomba, nirudishe nyumbani nikale." Akaguna, akaigeuza baiskeli.

Bibi alipwaga mpunga kinuni, makapi tu yatoke, akapepeta, akaacha hapo hapo. Kunde alizilowesha tangu jana yake. Jioni ile yenye baridi aliziweka motoni mapema, zikachemka taratibu na tangawizi. Karanga alizitwanga akazimwaga kwenye kunde zilipokaribia kuiva. Majani ya maboga aliyatia mwisho, akafunika, yakaivia kwenye mvuke wake, yakabaki ya kijani. Wali ulikuwa na harufu ya shamba baada ya mvua. Nilikula nikitokwa na machozi, Bibi akaniuliza kama tangawizi imezidi.

Tukaendelea hivyo kila siku. Asubuhi uji wa ulezi, mchana samaki mkavu wa mto na mlenda. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Mjomba alipita akauliza, "Bado mnatibu kwa mboga?" Wiki ya pili uvimbe ukapungua. Asubuhi moja nimekaa kizingitini, siafu akaniuma kidole kidogo cha mguu wa kushoto.

"Bibi, nimeumwa."

"Wapi?"

"Mguuni."

Bibi aliacha mwiko, akapiga magoti pale pale kwenye majivu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya siafu. Mimi nilimtazama yule mdudu. Kumbe Mungu anaweza kuficha uzima wa mtu kwenye ngozi nyembamba kuliko karatasi, halafu akangoja kwa subira mpaka mtu amalize kiburi chake! Hata leo nikishika punje ya mchele naogopa, kama mtu aliyeshika kitu cha altareni.

Siku ya kwanza ya muhula niliupanda mlima kwa miguu yangu, polepole, na mzigo wa mchele wa Bibi kichwani. Niliripoti kabla ya kengele. Klementi alipoufungua mzigo alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani, Damiani ametuletea chakula cha kuku." Bweni zima likaja kutazama. Niliwasha moto nikapika kama nilivyomwona Bibi, kunde na karanga na majani, na ukungu ulikuwa umeshuka.

Wenzetu walipoondoka, Klementi alibaki. Alisogea kwenye moto, akavua kiatu kimoja, akabonyeza mguu wake kwa kidole. Shimo likabaki.

"Tangu likizo," alisema. "Sijamwambia mtu."

Nikampakulia yeye kwanza.

Namshukuru Mungu, nawashukuru Bibi na dresa, na mjomba aliyeigeuza baiskeli. Na wewe, ndugu yangu, uliyekaa hapo nyuma na jambo lako ulilolificha ndani ya kiatu, usingoje radi. Mwamini Yeye anayeotesha mpunga. Leo, kwetu chungu kiko motoni. Njoo ule.