Otilia Baltazari: Ugonjwa Ulioitwa Uvivu

Marehemu Otilia Baltazari alizaliwa Mwazye tarehe 14 Novemba 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Baltazari na Mama Salome.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mwazye, akamaliza mwaka 1994, kisha akajifunza ushonaji kwa masista. Sare za watoto wa wengi wenu mliokaa hapa zimepita kwenye cherehani yake.

Mwaka 2002 alifunga ndoa na Polikarp, wakahamia Sumbawanga. Hakuwa mtu wa kutulia: asubuhi yuko kwenye matuta ya maharage, mchana cherehani, jioni kwaya.

Maumivu yalianza mwaka 2015. Leo mabega, kesho nyonga, keshokutwa mwili mzima, na usingizi hapati. Hospitalini wakampima malaria, taifodi, baridi yabisi: majibu safi. “Huna ugonjwa, mama,” akaambiwa. Thubutu, Otilia anyamaze! “Basi nipe dawa ya kutokuwa na ugonjwa, maana inaniuma!” Mganga wa kienyeji naye akamchanja chale kila palipouma. Maumivu yakihama, wembe unafuata, mpaka mganga mwenyewe akakosa pa kuchanja.

Kilichomchoma zaidi ni maneno. Misibani, wenzake wakibeba kuni na kusonga ugali, yeye alishindwa hata kukaa mkekani. Wakasema ni mvivu, anajidekeza. Mwaka 2022, huko Mbeya, daktari mmoja alimbonyeza taratibu, akamuuliza habari za usingizi, akamwambia ni fibromialjia, maumivu yasiyoonekana kwenye damu wala kwenye picha. Otilia alilia kwa furaha. Aliporudi, mama mkwe wake, Mama Adela, akaguna: “Ugonjwa gani huo usio na kipimo?”

Kumbe hata jina lile lingemponza. Baridi ya Juni hii kifua kilimbana, na kwenye zahanati moja wakamwambia, “Ni ile fibromialjia yako.” Akabisha: “Haya ni mengine. Mwili wangu naujua jamani!” Akarudishwa nyumbani na panadol. Ilikuwa nimonia. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, njiani kupelekwa hospitali. Inauma, na tusidanganyane kwamba siku zake zilikuwa zimefika.

Ameacha mume, watoto wawili, Jenifa na Gabriel, mama yake mzazi, Mama Salome, na Mama Adela, ambaye jana aliomba neno lake liandikwe humu: “Mkwe wangu alikuwa anaumwa kweli.”

Limeandikwa, Mama. Miaka yote hiyo ndilo alilokuwa akilingojea kutoka kwako.

Ee Bwana, mpokee Otilia, apumzike kwa amani, na pasiwe na wa kumwita mvivu.